Naomba ushauri: wakili wetu hataki kusikia habari ya kukiri

Habari zenu wakuu. Kaka yangu yuko mahabusu gereza la Keko, Dar, kwa kesi ya utakatishaji fedha. Haina dhamana, na kila tarehe ni wimbo uleule: upelelezi haujakamilika. Wakili wake anajua kazi, hilo halina ubishi, ila hashikiki. Juzi alibishana mpaka hakimu akaweka kalamu chini. Mawakili wa washtakiwa wenzake wanataka makubaliano ya kukiri kosa na DPP (Mkurugenzi wa Mashtaka), ule utaratibu wa 2019 wa kukiri ili upunguziwe mashtaka au adhabu; yeye kawaita waoga mbele ya ndugu. Kaka mwenyewe kachoka, anataka yaishe. Tulimwita wakili tuongee, akasema sheria tumwachie yeye.

Je, kaka anaweza kumwandikia DPP moja kwa moja? Na tukibadilisha wakili sasa, kesi itarudi nyuma?