MJADALA: Bonanza la ngumi za ridhaa bila daktari pembeni ya ulingo, lizuiwe au tuendelee hivi hivi?

Wakuu habari za jioni. Niseme mapema mimi ni mtu wa ngumi, glovu nimevaa toka darasa la saba na saivi namsaidia kocha mmoja hapa Manzese jioni jioni, kwaiyo asije mtu kuniambia nauchukia mchezo. Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye bonanza, gym tano sita hivi, ulingo umefungwa kwenye uwanja wa vumbi, kiingilio buku. Dogo mmoja akala ngumi ya kidevu raundi ya pili akazima kabisa, macho meupe, refa kahesabu mpaka kumi na dogo bado hajui yuko wapi. Nauliza daktari, naambiwa alikuja asubuhi akapima presha akaondoka. Wakammwagia maji, akaamka, akapanda bodaboda na mshkaji wake wakaenda nyumbani. Bodaboda jamani!

Afu leo ni Alhamisi, nimeona listi ya mapambano ya Jumamosi hii, jina lake lipo. Gym nyingine, uzito ule ule.

Kanuni za kimataifa za ridhaa kwenye hili hazijawahi kuwa fumbo, ukipigwa KO ya kichwa (yaani ngumi ya kichwa ikakumaliza ukashindwa kuendelea) hata kama hukupoteza fahamu unakaa nje siku 30, ukizima chini ya dakika moja siku 90, ikizidi dakika siku 180, na humo ndani hata sparingi, yaani kupigana kwa mazoezi, huruhusiwi. Inaandikwa kwenye kitabu cha bondia ili utakapoenda popote waione. Sasa niambieni, bonanza gani la mtaani mmeona mtu anaulizwa kitabu? Tunaita ngumi za ridhaa, dogo ambaye kichwa bado kinavuma ameridhia nini?

Na tafadhali tusianze ule ubishi wa hedigadi, zile kofia za kukinga kichwa. Kila mada kama hii inaishia hapo. Hedigadi ziliingia Olimpiki ya Los Angeles 1984, zikaondolewa kwa wanaume mwaka 2013 na Rio 2016 wakapigana vichwa wazi, na sababu mojawapo waliyotoa ni kwamba zinasaidia kwenye kuchanika na uvimbe lakini mtikisiko wa ubongo ni kitu kingine. Chukua yai ulifunge na taulo afu ulitikise kwa nguvu, ganda halina hata alama, kiini je?

Msimamo wangu: hakuna daktari pembeni ya ulingo mwanzo mpaka mwisho, hakuna gari la kumpeleka mtu hospitali, basi kengele isigongwe hata kama watu wameshalipa.

Mwandaaji wa Uswahilini
Kaka umeongea kwa uchungu ila wewe huandai, mimi naandaa. Nikodi ulingo, nikodi viti na muziki, nilipe refa na majaji nauli, maji ya mabondia, afu nusu ya watu wanaingia bure kwa sababu mlinzi ni shemeji yao. Daktari wa kukaa kuanzia saa nane mchana hadi saa mbili usiku nimlipe na nini? Gari la wagonjwa ndo usiseme, lile hata mama mjamzito mtaani kwetu halioni. Ukisema mabonanza yafungwe sawa, ila hao vijana hawaendi kwaya, wataendelea kupigana nyuma ya gheto bila refa wala glovu za maana. Zanzibar walipiga marufuku ngumi baada ya Mapinduzi ya 1964, ikakaa karibu miaka 60 mpaka enzi hii ya Rais Mwinyi ndo ikafunguliwa, na muda wote huo mwenye kipaji alikuwa anavuka maji kuja kupigana huku Bara. Mlango ukifungwa watu wanapita dirishani.

Mpenda KO
Kwaiyo mnataka tupigane na mito? Ngumi ni ngumi bwana, anayeogopa acheze bao.

Nesi wa Zamu
Mpenda KO ungekuja zamu yangu ya usiku siku moja tu ungeongea kingine. Ngoja niwaelezee kinachotutesa sisi. Mtu anapigwa, anaanguka, anaamka, anaongea, anacheka na wenzake, kila mtu anasema yuko fiti. Kumbe mshipa mdogo umechanika ndani ya fuvu na damu inajikusanya pole pole inaukandamiza ubongo. Baada ya masaa kadhaa kichwa kinauma sana, anatapika, anaanza kusinzia, na ndugu wanasema mwacheni alale amechoka na pambano. Wakija kumleta saa kumi alfajiri jicho moja mboni imeshatanuka. Kwaiyo mleta mada mimi ile bodaboda haikunishtua kama swali hili, alilala na nani usiku ule? Kuna mtu alikuwa anamwamsha kumwangalia? Hata Mwandaaji asipoweza kulipa daktari, hilo la kumpa mtu mzima mmoja maelekezo ya dalili linashindikanaje?

Na kuhusu siku 30 hizo, sio adhabu jamani. Ubongo uliotikiswa ukipigwa tena kabla haujapona, hata ngumi ya kawaida tu inaweza kuleta balaa ambalo mara ya kwanza halikutokea.

Ndugu wa Nakuru
Mimi niko Kenya na hii story naijua vizuri, wazee wa hapa kwetu hawajawahi sahau Robert Wangila. Huyo ndiye alituletea dhahabu ya Olimpiki ya Seoul 1988, ya kwanza ya ndondi kwa Kenya. Akaenda kupigana za kulipwa Marekani, Julai 1994 huko Las Vegas refa akasimamisha fight, Wangila akalalamika kwamba bado ako sawa, baadaye akazimia kwa chumba cha kubadilishia nguo na hakuamka tena. Alikuwa na miaka 26. Sasa angalieni, hiyo ilikuwa Vegas, si uwanja wa vumbi, madaktari walikuwa. Kwa hivyo daktari ni muhimu sikatai lakini pia yeye si mganga. Kwangu mimi kitu ya kwanza ni refa mwenye hataki kushangiliwa, na kocha mwenye anajua kutupa taulo mapema. Hawa makocha wetu wengi wakiona kijana anayumba wanapiga kelele "rudisha mikono juu!" badala ya kumtoa.

Mleta mada
Nakuru asante, hapo kwa makocha umenigusa na mimi maana hata mimi nimeshapiga hizo kelele. Na hata za kulipwa huku kwetu ambazo zina tume yake zinaua, mwishoni mwa 2024 tulimpoteza Hassan Mgaya hapa Dar baada ya kupigwa KO. Sisi wa ridhaa ambao tuko chini ya shirikisho na BMT (Baraza la Michezo la Taifa) kwenye makaratasi lakini mtaani hakuna anayekuja kukagua, tumekaa tunaomba Mungu tu.

Mwandaaji nakubali hoja ya hela, nalegeza. Lakini kitabu kinagharimu nini? Daftari la shilingi mia tano! Au makocha tufungue group la WhatsApp, akipigwa mtu KO inapostiwa picha yake na tarehe, hakuna gym inayompanga mpaka siku ziishe.

Mwandaaji wa Uswahilini
Hilo la picha nalikubali maana majina hayasaidii, hawa wanapigana kwa a.k.a, leo Simba Mtoto kesho Radi. Ila nikuulize, huyo dogo wako umeshaongea na kocha wake? Maana hilo pambano la Jumamosi ni langu, na mimi sikuambiwa chochote kuhusu KO.

Mleta mada
Duh, kumbe ni lako. Nimeongea nae leo mchana, anasema dogo mwenyewe anataka na ameahidiwa elfu thelathini na shabiki mmoja akishinda. Ridhaa hiyo! Mimi Jumamosi asubuhi nitakuwa pale kwenye kupima uzito, na nitasema mbele ya watu wote nilichokiona.

Mwandaaji wa Uswahilini
Hamna haja ya kelele, namtoa. Mpinzani wake nitamtafutia mtu, nikikosa apigane sparingi ya maonyesho na wewe maana naona una hamu. Hiyo elfu thelathini lakini dogo atanidai mimi, mjue.

Nesi wa Zamu
Jumamosi niko ofu. Nitakuja na mashine ya presha na tochi yangu, silipwi, ila nikisema mtu haendelei haendelei, sitaki kubishana na kocha wala shabiki. Na nitakaa mpaka pambano la mwisho, niandalie kiti kivulini tu.

Mwandaaji wa Uswahilini
Kiti kipo dada, na soda. Gari nitaongea na jamaa yangu mwenye Noah aje alipaki karibu na geti.

Mpenda KO
Kiingilio bado buku?