Yule mzee kamnyanyua mkono mtu wa "warudi na basi". Mbele ya watoto wetu!

Mwana wa Iyunga (mleta uzi)

Wakuu nimetoka mkutanoni sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Jina silitaji. Mnamjua nyote, kuanzia Mbalizi mpaka Uyole, hata mbuzi wa Nsalaga wanamjua. Mzee wa heshima, mzee wa suluhu, mzee ambaye msiba ukitokea hatuziki mpaka afike. Huyo huyo leo kasimama jukwaani, kamshika mkono yule kijana wa "waliokuja na basi warudi na basi", kaunyanyua juu. Juu kabisa! Kaunyanyua mpaka koti likampanda masikioni.

Mnamkumbuka huyo kijana mwaka jana? Alikuwa anahubiri mambo yake pale Mwanjelwa juu ya kreti la soda, spika moja inakoroma, wasikilizaji watatu na mmoja wao anasubiri bajaji. Eti maduka yote yameshikwa na wakuja. Eti wapewe siku za kufungasha. Eti mwenye nyumba anayewapangisha aandikwe jina. Watu walikuwa wanacheka wanapita zao. Chama chenyewe kilimkataa kwenye kata, hawakutaka hata kumsikia. Mtu wa kreti!

Leo mzee kamtoa kwenye kreti kamweka jukwaa kuu, chini ya turubai, kwenye viti vilivyovalishwa vitambaa. Akavua skafu yake mwenyewe shingoni akamvisha. Akamshika mkono. AKAUNYANYUA. Akasema huyu ni kijana wangu, maneno yake makali lakini ana uchungu na Mbeya.

Kilichoniua ni mama mmoja muuza viazi aliyesimama pembeni yangu. Mwaka jana nilimuona kwa macho yangu akimcheka huyu kijana mpaka anajifuta machozi kwa khanga. Leo mkono ulipopanda, akamtazama mzee, akamtazama kijana, akarudi kumtazama mzee. Halafu akapiga makofi. Mwanzo taratibu, kisha kwa nguvu zote. Kijana hajaongeza hoja hata moja jamani! Maneno ni yale yale ya kwenye kreti. Kilichoongezeka ni mkono wa mzee.

Baba yangu alitoka Songea miaka ya sabini kuja kujenga reli ya TAZARA. Kaburi lake liko Iyunga. Naye afukuliwe apandishwe basi?

Na ni Mbeya hii hii ambako Mwalimu alisimama Mei Mosi 1995 akakemea ukabila na udini hadharani. Mzee kila akipewa kipaza sauti lazima atusimulie kwamba siku hiyo alikuwepo, tena mbele kabisa. Ulikuwepo ukisikiliza nini? Chama kinamkataa mtu kwenye kikao, wewe unampitisha kwa mkono mmoja, sasa vikao ni vya nini? Mkono ule ule unaotubarikia harusi!

Kifimbo wa Mafiati

Pole mkuu. Ila baba yako alikuja na treni, kauli inasema waliokuja na basi. Uko salama kabisa 😂

Ndizi Mzuzu Tukuyu

Koti limempanda masikioni 😂😂😂 Lile koti nalijua, ni kubwa kuliko mzee mwenyewe. Mleta uzi umeenda mkutanoni kuangalia mafundi cherehani?

Mwana wa Iyunga

Chekeni. Na mwaka jana mlicheka hivi hivi.

Mnyalu wa Kihesa

Kamwene wakuu. Mleta uzi una presha bure. Hiyo ni hesabu tu. Mzee anataka kura za vijana wa bodaboda, kijana anazo. Uchaguzi ukipita atamfunga kamba. Kijana ataambiwa akae kimya, atakaa. Wazee wanajua kucheza.

Mwana wa Iyunga

Atamfunga kamba!! Mkuu hayo ndiyo maneno ya von Papen. Ujerumani, Novemba 1932, chama cha Hitler kilishuka kutoka viti 230 mpaka 196. Kilikuwa kinaishiwa pumzi. Aliyekiokoa ni bwana mkubwa Papen, aliyewahi kuwa Kansela, akamshawishi Rais Hindenburg, mzee wa heshima wa nchi nzima, kwamba mpe huyu ukansela, mimi nitakaa pembeni yake kama makamu, baraza tutalijaza watu wetu. Tarehe 30 Januari 1933 akaapishwa, na mawaziri wengine wa chama chake wawili tu. Kamba ilikuwepo, ndefu! Kufika Julai vyama vingine vyote vilikuwa vimefutwa. Mwaka 1934 wasaidizi wa Papen mwenyewe wakauawa. Nani alimfunga mwenzake kamba hapo?

Halafu hukuwepo. Hukuuona ule mkono.

Ndizi Mzuzu Tukuyu

Tumeanza na koti tumefika Berlin. Huu uzi una mbio kuliko Coaster za Kyela.

Chaki Nyeupe

Mimi nafundisha historia, niruhusuni. Italia ilitangulia. Mwaka 1921 Giolitti, Waziri Mkuu mkongwe kabisa, aliwaingiza Mafashisti kwenye orodha yake ya uchaguzi akiamini wakikaa bungeni watapoa. Wakapata viti 35, Mussolini akiwemo. Kabla ya hapo hawakuwa na hata kimoja. Oktoba 1922 mfalme akampa Mussolini serikali.

Lakini wazee wakikataa inawezekana pia. Ubelgiji 1937, Degrelle wa Rex, chama cha mrengo wa kifashisti, aligombea uchaguzi mdogo wa Brussels. Chama cha Kikatoliki, ambako alitokea yeye mwenyewe, kikaungana na Waliberali na Wasoshalisti nyuma ya mgombea mmoja, na Kardinali akatamka wazi kwamba Rex ni hatari. Degrelle akaambulia kama asilimia 19. Hakuinuka tena kwenye kura.

Mwana wa Iyunga

Asante mwalimu! Kardinali alikataa. Huyu wetu kavua SKAFU.

Fundi wa Soweto

Mwalimu usichukue mifano inayokupendeza tu. Kule Louisiana, Marekani, David Duke aliyewahi kuwa kiongozi wa Ku Klux Klan, lile kundi la wazungu wabaguzi, aligombea ubunge wa jimbo mwaka 1989 kwa tiketi ya Republican. Reagan na Bush, wakubwa wa chama hicho hicho, wote wakamuunga mkono mpinzani wake. Duke akashinda. Wapiga kura wana vichwa vyao, hawangoji mkono wa mtu.

Chaki Nyeupe

Kweli, alishinda, kijimbo kimoja. Malizia sasa. Mwaka 1991 aligombea ugavana, Bush akiwa Rais akamkana hadharani, akapigwa chini na Edwards, mtu mwenye kashfa kibao. Duke hakupata chama kizima cha kumbeba. Hiyo ndiyo tofauti na alichosimulia mleta uzi.

Dada wa Uyole

Samahani, mnabishana Ubelgiji na Marekani, huyo mama muuza viazi aliyepiga makofi mmemuuliza ana shida gani? Mimi nauza viazi. Nitawaambia kwa nini anapiga makofi. LUMBESA. Gunia linajazwa, linashonewa kichwa cha kamba juu kama kilemba, bei inabaki ya gunia moja. Dalali anasimama barabarani anacheka. Mtu akija kuniambia huyo dalali atapandishwa basi, siku hiyo nina hasira zangu, nitapiga makofi.

Mwana wa Iyunga

Dada yangu nakuelewa, lakini kijana hakutaja lumbesa hata mara moja. Katoa neno basi, basi, basi. Na dalali anayekuibia kazaliwa Uyole hapo hapo kwenu!

Dada wa Uyole

Hilo nalo neno. Ni shemeji yangu kabisa.

Kifimbo wa Mafiati

😂😂😂 Shemeji arudi na basi.

Mnyalu wa Kihesa

Lumbesa ya Uyole mnailalamikia? Njooni Kilolo mkaone. Gunia refu kuliko mnunuzi. Kulipandisha kwenye Fuso wanahitajika watu wanne na maombi.

Parachichi Rungwe

Nyie wa viazi angalau mna gunia. Sisi wa parachichi dalali anakuja anautazama mti anakutajia bei. Anatazama tu! Halafu anachuma hadi machanga, yakikataliwa huko mbele anarudi kudai pesa yake.

Mwana wa Iyunga

Wakuu naomba turudi kwenye mada. Ule mkono ulipanda mbele ya watoto wa shule. Kuna mtoto wangu wa darasa la tano kaniuliza njiani, baba, sisi tulikuja na nini. Nimeshindwa kumjibu na bado sijamjibu. Mzee anatakiwa arudi jukwaani, pale pale, na skafu yake, aseme huyu si mwenzetu.

Ndizi Mzuzu Tukuyu

Hilo la mtoto limeniuma, sitanii. Ndaga mkuu. Mzee akija msibani kwetu nitamuuliza uso kwa uso.

Fundi wa Soweto

Hutamuuliza. Akifika utakuwa wa kwanza kumpa kiti.

Parachichi Rungwe

Hivi kuna mtu anajua bei ya parachichi za Hass Njombe wiki hii? Huku dalali ananiambia soko limekufa na mimi naona magari yanapita usiku na mchana.

Dada wa Uyole

Anakudanganya huyo. Jana wamepakia gari mbili hapa Uyole. Usiuze mpaka uwapigie simu watu wa Njombe.

Mnyalu wa Kihesa

Njombe nina binamu yangu, ngoja nimuulize. Machanga usimuachie hata moja.