ESP32 ya kipimo cha mvua inamaliza batri kwa siku 12

Mleta mada, Bukavu
Jambo wandugu. Kipimo cha mvua cha kindoo-pinduka (kindoo kikijaa kinapinduka, tunahesabu mapinduko), kiko juu ya paa mtaani Kadutu. Bodi ya ESP32 (chipu ndogo ya kompyuta yenye Wi-Fi) yenye USB, swichi inayofungwa na sumaku ya kindoo kwenye pini 33 na rezista ya 10 kΩ kwenda 3.3 V. Batri ya 18650 ya 2600 mAh imeungwa pini ya 5V. Katika usingizi mzito (deep sleep, karibu chipu nzima imezimwa) multimita inaonyesha 9 mA, na Espressif, watengenezaji wa chipu, wanaandika 10 µA. Kosa liko wapi?

FundiLabotte
Ndugu, 10 µA ni ya chipu peke yake. Kwenye bodi, AMS1117 (kipunguza volti cha kutoa 3.3 V) inakunywa karibu 5 mA hata bila mzigo, taa ya LED na chipu ya USB zinaongeza zao. Tena AMS1117 inajibakizia kama 1.1 V: ukiipa 3.7 V inatoa 2.6 V, Wi-Fi ikiwaka bodi inajizima, batri ingali na nguvu.

Ng'oa taa, toa AMS1117, weka kipunguza volti cha HT7833. Hiyo inakula mikroampea 4 hivi na inabeba 500 mA. Angalia miguu kwanza: ya kuingilia na ya kutokea imebadilishana nafasi ukilinganisha na AMS1117. Kipunguza volti kingine, MCP1700, mwisho wake 250 mA, haitoshi Wi-Fi. Weka kapasita ya 470 µF kwenye pini ya 3V3 (3.3 V). Batri iingie HT7833 moja kwa moja, isipite tena pini ya 5V.

Mwana_Goma
Mimi naogopa zaidi ile swichi. Kindoo kikisimama sumaku ikiwa imeifunga, 10 kΩ yako inavuja 330 µA usiku kucha. Weka 1 MΩ, inabaki 3.3 µA, na kapasita ya 10 nF kuzuia mdundo (swichi kugusa-gusa na kuhesabiwa mara nyingi). Kuamsha chipu kwa pini, tumia njia ya ext1, si ext0. Pini ikiwa bado chini wakati wa kulala, chipu inaamka papo hapo, bila mwisho. Programu ingoje pini ipande, na isipopanda sekunde 5, ilale na kuamshwa na saa ya ndani pekee. Hesabu ya mapinduko iwe RTC_DATA_ATTR (kumbukumbu isiyofutika chipu ikilala), Wi-Fi iwashwe mara moja kwa saa.

Mleta mada
Aksanti sana. Ila nikiweka multimita kwenye µA, bodi inajiwasha upya kila mara.

FundiLabotte
Rezista ya ndani ya multimita inaangusha volti wakati wa kuwaka. Unganisha ncha zake mbili kwa waya, ngoja bodi ilale, ndipo utoe waya usome. Rudisha waya kabla haijaamka.