Wauzaji wa Malindi, si kila cheupe ni maziwa ya mtoto mwenye mzio

Wanajamvi, salaam. Uzi huu utakuwa mrefu, kwa sababu nimechoka kujibiwa kwa mkato na watu wanaopokea fedha zangu. Mimi ni mkazi wa Malindi, baba wa mtoto wa kiume wa mwaka mmoja na nusu ambaye daktari wa watoto mjini Mombasa alithibitisha kuwa ana mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe, na wa karanga pia. Kwa ambao hawajaliona jambo hili kwa macho yao: akionjeshwa chai ya maziwa, midomo huvimba, mwili hutoka mabaka ya kuwasha, kisha hutapika, na imewahi kutokea akapumua kwa shida huku kifua kikilia mluzi hadi tukamkimbiza hospitali usiku. Ugonjwa wenyewe ni majaaliwa, siulalamikii. Ninaowalalamikia ni wauzaji, pamoja na baadhi ya wahudumu wa afya, wanaomshauri mzazi cha kumnywesha mtoto kama huyu pasipo kusoma orodha ya viungo iliyo mbele ya macho yao.

Naanza na duka la dawa, kwa kuwa huko ndiko mtu anakotarajia kupata elimu. Nilimweleza kijana wa kaunta kwa utulivu kabisa kuwa mtoto ana mzio wa maziwa ya ng'ombe, naye akanyoosha mkono, akashusha pakiti na kusema, "Hii haina laktosi, mzee, itamfaa." Laktosi ni sukari iliyomo katika maziwa. Mtu ambaye tumbo lake haliimudu sukari hiyo hukosa kimeng'enya cha kuivunja, kwa hiyo hujaa gesi na kuharisha, na akiacha maziwa hupata nafuu. Mzio ni jambo jingine kabisa: ni kinga ya mwili kuipiga vita protini, hasa kaseini na protini za yale maji yanayobaki maziwa yakiganda. Maziwa yanayouzwa kuwa hayana laktosi kwa kawaida ni maziwa ya ng'ombe yaliyovunjwa au kuondolewa sukari hiyo, na protini yake imebaki yote kama ilivyotoka kiweleni. Nilipomweleza hayo, akanijibu, "Basi mpelekee mama yake aangalie." Kumbe mwanamume akivuka mlango wa duka la dawa husahau kusoma.

Duka la pili lilinipa kopo lenye herufi HA, nikahakikishiwa kwamba limetengenezwa kwa ajili ya watoto wenye aleji. Maziwa ya aina hiyo protini yake ya ng'ombe imekatwakatwa kwa kiasi tu, na vipande vilivyobaki bado ni vikubwa vya kutosha kumwamsha adui katika mwili wa mtoto ambaye mzio wake umethibitishwa. Anayehitaji maziwa ya kopo kwa hali hii hupewa yale ambayo protini yake imevunjwa sana hadi vipande vidogo mno, au yale yaliyotengenezwa kwa amino asidi tupu, yaani vijenzi vidogo kabisa vya protini, pale ambapo hayo ya kwanza yameshindikana. Hayo sijayakuta kwenye rafu ya duka lolote nililoingia hapa mjini. Huagizwa Mombasa au Nairobi, kwa bei ambayo mtu wa kipato cha kawaida hulazimika kukaa chini kwanza. Sisemi kila duka liyaweke. Ninachosema ni kuwa muuzaji asiye nayo aseme hanayo, badala ya kunishikisha kopo jingine lenye picha ya mtoto anayecheka.

Mama watoto bado ananyonyesha, na yeye mwenyewe ameacha maziwa ya ng'ombe kwa ushauri wa daktari, kwa kuwa protini hiyo hupita katika maziwa ya mama. Shirika la Afya Duniani linashauri kunyonyesha hadi miaka miwili na zaidi, kwa hiyo hatuna pengo kubwa la kuziba. Tunatafuta kinywaji cha nyongeza tu, ambacho hakitamdhuru na kitampa protini na kalsiamu. Mngedhani ni jambo dogo.

Sasa mbuzi. Kuanzia mtaa wa Shella hadi Muyeye, sijui kama yupo mtu ambaye hajanishauri maziwa ya mbuzi. Shangazi yangu amenishauri, jirani amenishauri, na muuza maziwa ameniapia kwa Mungu. Nawaheshimu wote, lakini protini za maziwa ya mbuzi zinafanana mno na za ng'ombe, kiasi kwamba kati ya watoto wenye mzio wa maziwa ya ng'ombe, zaidi ya tisa katika kila kumi hudhurika na ya mbuzi vilevile. Tena yana upungufu mkubwa wa foleti, vitamini inayosaidia kutengeneza damu, na mtoto aliyetegemea hayo peke yake huweza kuishiwa damu. Ya ngamia, yanayoletwa na akina mama kutoka upande wa Mto Tana, yana hoja yenye nguvu zaidi, kwa sababu hayana mojawapo ya zile protini kuu zinazoleta mzio na kaseini yake ni tofauti, na wapo watoto wanaoyavumilia. Wapo pia wasioyavumilia, na hilo hujulikana kwa kipimo mbele ya daktari, si jikoni. Isitoshe, mabichi huweza kubeba ugonjwa wa kutupa mimba wa mifugo, ambao humpata hata binadamu.

Nilipochoka na hayo nikaenda kwenye yale maduka yanayowahudumia Waitaliano, ambako rafu imejaa maboksi: lozi, mchele, nazi, oti, soya. Huko nilidhani nimefika. Mwenye duka alinisifia la lozi kwa kuwa ndilo ghali, na alipoulizwa lina protini kiasi gani, akasema ni zuri kwa afya. Maandishi yote yalikuwa ya Kiitaliano. Aliyenisomea ni kijana mmoja wa ufukweni anayeuza vinyago, tena alinisomea neno kwa neno huku mwenye bidhaa akitutazama kama wezi. Maziwa ya ng'ombe yana takriban gramu 3.3 za protini katika kila mililita 100. Boksi la lozi lilikuwa na gramu 0.5. La mchele na la nazi ni chini zaidi ya hapo. Mtoto anayeshibishwa kwa vinywaji hivyo hunywa maji matamu, na tumbo likijaa hukataa chakula. Kuhusu mchele kuna jambo la ziada: mamlaka za afya za Uingereza zinashauri kwamba mtoto wa chini ya miaka 5 asipewe kabisa kinywaji hicho badala ya maziwa, kwa sababu ya aseniki, sumu inayokusanywa na mpunga kutoka ardhini na majini.

Asidhani mtu natia chumvi. Mwaka 2001 madaktari wa Marekani waliandika katika jarida la Pediatrics habari za watoto wadogo waliolishwa vinywaji vya namna hii badala ya maziwa. Aliyepewa cha mchele alipata kwashakoo, utapiamlo wa kukosa protini, na aliyepewa cha soya kisichoongezwa vitamini D wala kalsiamu alipata ugonjwa wa mifupa laini. Wazazi wao hawakuwa na njaa. Walikuwa na fedha, waliingia dukani, wakanunua kilichoandikwa kuwa ni cha afya.

Hapa nyumbani tuna toleo letu la kosa hilo, nalo ni tui. "Mpe tui, sisi sote tumekuzwa na nazi," ndivyo ninavyoambiwa. Tui ni kitoweo kizuri, na mbaazi za nazi anazila hadi anapangusa sahani. Lakini tui la kasimile ni mafuta kwanza, protini yake ni ndogo na kalsiamu yake ni kidogo sana, wakati Wamarekani wanapendekeza miligramu 700 za kalsiamu kwa siku kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 3. Tuliokuzwa na nazi tulikunywa maziwa pia, na tulikula dagaa na miba yake.

Kwa mtoto aliyetimiza mwaka mmoja na ambaye soya haimdhuru (wapo wenye mzio wa maziwa ambao huathirika na soya pia, wetu tulithibitisha kwa daktari), kinywaji cha mimea kinachokaribia maziwa kwa protini ni soya, chenye takriban gramu 3 kwa mililita 100. Masharti yake ni mawili: kiwe kimeongezwa kalsiamu, angalau miligramu 120 kwa mililita 100, pamoja na vitamini D na B12, na kisiwe kimetiwa sukari. Hapo vikombe viwili kwa siku humfikisha karibu na kiasi nilichotaja, na chakula humalizia. Boksi litikiswe vizuri, maana kalsiamu hutuama chini. Na tahadharini na yale yenye alama ya kilimo hai, ambayo huuzwa kwa bei ya juu kana kwamba ndiyo bora: mara nyingi hayakuongezwa kitu chochote. Nimetumia dakika tatu kuyaandika haya. Hakuna muuzaji hata mmoja aliyeweza kuniambia nusu yake.

Boksi hilo likiisha mjini, na huisha mara kwa mara, nielekezwe wapi? Sokoni, kwenye soya ya unga ya kupima. Kwanza hiyo ni soya iliyokaangwa na kusagwa kwa ajili ya chai ya watu wazima, haina kalsiamu iliyoongezwa. Pili, niwaeleze nilichokiona kwa macho yangu. Ndoo zimepangwa bega kwa bega: maziwa ya unga, soya, karanga za kusagwa, unga wa uji uliochanganywa. Kopo la kupimia ni moja. Mteja aliyenitangulia alipimiwa maziwa ya unga, muuzaji akaligonga kopo kwenye ukingo wa ndoo, vumbi jeupe likiwa bado limeganda ndani yake, akalizamisha kwenye soya yangu. Nilipopinga akaniambia, "Babangu, unga ni unga." Kwa mtoto wa jirani, ndiyo. Kwa mtoto wangu, vumbi lile linaweza kuwa safari ya hospitali. Mfuko nao haukuwa na maandishi yoyote, si ya viungo, si ya tarehe.

Viwango vya kimataifa vya Codex kuhusu maandishi ya vyakula vilivyofungashwa vinataka maziwa, karanga, mayai, samaki na vyakula vingine vinavyojulikana kuleta mzio vitajwe wazi kila vinapokuwamo. Boksi la Kiitaliano lilikuwa limeandika vyakula hivyo kwa herufi nene, kama sheria ya Ulaya inavyotaka. Biskuti na uji wa pakiti ninaouziwa na mwenzangu wa hapa hapa huficha maziwa ndani ya herufi ndogo kuliko chawa, na unga unaofungwa upya nyuma ya duka hauna hata hizo. Wakaguzi wa viwango na wa afya ya umma hupita madukani, tunawaona. Wanakagua nini?

Jambo la mwisho nalisema kwa heshima kwa wauguzi, kwa kuwa najua wamezidiwa na foleni. Kliniki ya watoto iliyotupima uzito ilimwambia mke wangu kuwa mtoto hawezi kukua bila maziwa ya ng'ombe na ampe kidogo kidogo azoee. Ni kweli kwamba watoto wengi huachwa na mzio huu wanapokua, na ni kweli kwamba kuna utaratibu wa kurudisha maziwa hatua kwa hatua, ukianzia na yaliyookwa ndani ya mkate au keki. Utaratibu huo huanzishwa na daktari baada ya vipimo, kwa wakati wake, na kwa mtoto aliyewahi kukosa pumzi hufanywa mahali penye dawa ya adrenalini. Ushauri wa kumzoesha nyumbani kwa kijiko ni hatari, na mhudumu anayeutoa ajue kwamba mama aliyeogopeshwa na mstari wa uzito katika kijitabu atautekeleza usiku huo huo. Tuliomba mzio uandikwe wazi kwenye kijitabu cha mtoto, tukaambiwa karatasi ya Mombasa inatosha. Karatasi hiyo iko kabatini, kijitabu ndicho kinachotembea na mtoto.

Sasa naomba msaada wenu. Aliyeko Malindi, Watamu au Kilifi, anayejua duka linalopata soya ya boksi iliyoongezwa kalsiamu na isiyo na sukari kwa uhakika, aweke hapa bei na picha ya orodha ya viungo inayosomeka. Mwenye duka la dawa anayekubali kuagiza maziwa ya kopo yaliyovunjwa protini kwa malipo ya mapema naye ajitokeze, maana tupo wazazi kadhaa na tunaweza kuagiza pamoja. Na anayetaka kuniandikia kuhusu mbuzi asijisumbue.