Kivuli cha turubai ubavuni mwa gari

Swali: Ndugu, nataka kivuli cha bei nafuu cha kufunga kwenye keria, kwa kambi ya Ziwa Mburo. Nianzie wapi?

Jibu: Turubai la mita 3 kwa 2. Ukingo mmoja ufunge kwenye keria kwa kila tundu, usiruke hata moja. Uzito ukibebwa na matundu mawili, yanachanika. Upande wa nje nguzo mbili, kila moja na kamba mbili zilizotanuliwa, vigingi vya nondo vikiinamia mbali na gari.

Jibu: Nguzo moja iwe mita 1.8, nyingine 1.6, la sivyo mvua itatuama katikati. Bomba jembamba la plastiki hupinda. Mianzi ni bora zaidi.

Swali: Na upepo?

Jibu: Ukizidi, kunja mara moja.