Volkano alama 10, moto alama 10: kamati ianze na ipi?

Avenyu_Majengo
Wandugu, kamati ya avenyu yetu hapa Majengo, Goma, chini ya volkano ya Nyiragongo, inaandika mpango wa dharura. Kila hatari tumeipa alama ya uwezekano na ya madhara, 1 hadi 5, kisha tukazidisha. Volkano imepata 2×5, moto wa nyumba za mbao 5×2. Fedha zinatosha kazi moja. Na mahali pa kukutania ni kiwanja cha bondeni, kwa sababu ni kipana.

Mpimaji
Ndugu, acheni safu zote mbili zionekane; mkizidisha, moto wa kila mara na janga la miaka mingi vinageuka kitu kimoja. Moto mnaweza kuupunguza wenyewe: njia kati ya nyumba iachwe wazi, jiko la makaa lisiwekwe karibu na ukuta wa mbao. Volkano hamuizuii. Mnachopunguza ni idadi ya watu walio njiani mwake, na udhaifu wao.

Tena "volkano" si mstari mmoja. Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji hadi ziwani, na watu wengi walikufa kituo cha mafuta kilipolipuka. Mei 2021 lava ilisimama Buhene, pembeni mwa mji, lakini siku tano baadaye kartie (sehemu za mji) 10 ziliamriwa kuhama, Majengo ikiwemo, na maelfu wakajaa Sake, mji mdogo wa magharibi. Basi andikeni mistari minne: lava, mafuta, mtoto kupotezana na wazazi barabarani, maji huko mnakokimbilia. Mitatu ya mwisho iko mikononi mwenu, na haina gharama kubwa. Ningeanzia hapo, kwa orodha ya nyumba kwa nyumba: nani hawezi kutembea, na jina la jirani atakayembeba.

Pwani_ya_Kivu
Hicho kiwanja kiondoeni kwenye mpango leo hii. Bondeni kuna hatari ya mazuku, yaani hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hutuama mashimoni na mabondeni, hasa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Haionekani wala hainuki. Anayelala chini, na mtoto mfupi, huathirika kabla ya aliyesimama. Wengine hupima kwa mshumaa: msiuamini, unaweza kuendelea kuwaka mahali ambapo mtu tayari anapoteza fahamu. Chagueni mwinuko, hata ukiwa mdogo. Gaweni watu kwenye sehemu mbili.

Bidoni20
Naongezea maji. Kunywa na kupika tu, wekeni lita 3 kwa mtu kwa siku. Familia ya watu 7 kwa siku tatu ni lita 63, yaani bidoni tatu za lita 20 na kidogo. Hakuna anayetembea hadi Sake na mzigo huo, zaidi ya kilomita 20. Kila mtu mzima abebe lita 5 na vidonge vya kusafishia maji, na kamati ipange mapema chukudu, baiskeli ya mbao ya mizigo, itakayobeba bidoni za wazee.

Kuhusu rangi za tahadhari ya volkano: kwenye njano pitieni orodha, kwenye machungwa wasioweza kutembea waondoke kwanza. Ila tarehe 22 Mei 2021 mlipuko haukutanguliwa na onyo. Kwa hiyo mpango uwe na ukurasa wa pili: mnafanya nini anga likiwa jekundu saa moja usiku, na hakuna aliyetangaza chochote.

Avenyu_Majengo
Asanteni sana. Kiwanja tumekifuta. Jumamosi tunaanza orodha, nyumba ya kwanza ni ya mama asiyeona, nyuma ya kisima.