Naomba ushauri: chembe nyeupe za damu zimepanda katika ujauzito wa wiki 24

Ndugu zangu, habari za majukumu. Mke wangu ni mjamzito wa wiki 24, nasi tunaishi Igombe, Mwanza. Kipimo cha damu kilionyesha chembe nyeupe 13,400 kwa kila maikrolita, na katika zahanati moja akaandikiwa antibiotiki papo hapo bila kupimwa mkojo, ingawa hana homa wala maumivu anapokojoa.

Ninavyofahamu, mtu mzima asiye mjamzito huwa na chembe kati ya 4,000 na 11,000, lakini mimba yenyewe huzipandisha, hasa nyutrofili zinazomeza bakteria, hata zikafika 15,000 pasipo ugonjwa. Kinachonitia shaka zaidi ni eosinofili, aina nyingine ya chembe nyeupe, ambazo nazo zimezidi, kwa kuwa hizo huongezeka mtu akiwa na minyoo, na mke wangu hufulia ziwani, ambako kichocho, ambacho nacho huletwa na minyoo, si kigeni (mimi mwenyewe nilikiugua utotoni). Kichocho cha huku pwani ya ziwa mayai yake huonekana zaidi kwenye choo.

Je, aanze dawa hizo, au turudi kwanza tuombe apimwe mkojo na choo? Na aliyetibiwa kichocho akiwa mjamzito, alipewa prazikwanteli mimba ikiwa na miezi mingapi?